Kengele ya moshi na wageni wa posa

Leo nimemmwagia maji mshenga.

Ndiyo. Mzee wa watu, na kanzu yake nyeupe.

Kabla hamjacheka, sikilizeni. Mnajua ninavyoogopa moto. Hata ofisini siondoki kabla sijachomoa kila waya. Nilipohamia hapa Mtendeni nilimwomba Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, aniruhusu kufunga kengele ya moshi koridoni.

Tangu siku hiyo haijawahi kuona moto. Inalia mtu akikaanga vitunguu. Inalia andazi likiungua. Mama ameshaniambia mara nyingi: "Mwanangu, kidude chako kitatutoa roho."

Leo kimelia kuliko siku zote. Nafungua mlango, koridoni moshi umetanda.

Nikapiga kelele, "Moto!" Nikabeba ndoo ya kufulia, nikakimbilia sebuleni, nikamwaga.

Kumbe ni udi.

Mama alikuwa anawafukizia wageni waliokuja kumposa Zuhura. Na hakuna aliyenieleza kwamba kuna wageni! Mpangaji naye si mtu?

Chetezo kimezima. Kengele bado inalia.

"Shikamooni," nikasema. Ningesema nini tena?

Mshenga akajifuta uso. "Marahaba. Na huyu ni ndugu yake binti?"

"Hapana!" Mama akadakia. "Mpangaji tu. Na anahama."

Posa imepokelewa, alhamdulillah.

Mimi natafuta chumba. Ipuli, Kitete, popote. Kengele naondoka nayo.