Mabati Kumi na Manne ya Mama Hassan

Ni Jumatano, tarehe 16 Novemba 1955, saa moja asubuhi, na manyunyu yanaanguka juu ya mji wa Embu. Katika mtaa wa Majengo, Kibibi binti Salim anakanyaga cherehani chini ya turubai. Kila anapomaliza mshono mmoja hunyanyuka, husukuma turubai kwa mpini wa ufagio ili maji yamwagikie uani, kisha huketi tena.

Anashona kanzu ya harusi. Fundi huyu mwenye miaka arobaini na sita hulipwa shilingi tatu kwa kanzu moja. Leo anataka kuimaliza kabla ya saa nne, kwa sababu saa nne mkaguzi wa bima anakuja.

Watu wa Majengo humwita Mama Hassan. Mumewe, Idrisi, alikuwa mchinjaji na aliuzia nyama katika chumba cha mbele cha nyumba hii. Ndiye aliyeikatia bima ya moto, upepo na mvua ya mawe. Majirani walimcheka kwamba analipia mvua. Alipofariki mwaka 1952, Kibibi aliendelea kulipa.

"Sikuwa nikiijua hiyo bima ni kitu gani," anasema. "Nililipa kwa sababu yeye alilipa."

Mvua ya mawe ilikuja tarehe 26 Oktoba, alasiri. Ilipiga kwa muda wa kukaanga vitunguu, anasema Kibibi, lakini mawe yalikuwa makubwa kama malimau. Nyumba yake, anamokaa na mama yake mzee, ina mabati kumi na manane, membamba na yaliyokwisha kushika kutu. Kumi na manne yalitoboka au kuchanika penye misumari.

Kesho yake alikwenda kwa wakala wa bima, mwenye duka la vitambaa mjini. Wakala aliandika habari hizo, akamwonya kwamba asipige msumari hata mmoja mpaka mkaguzi aje kutoka Meru.

Kibibi alitii. Hakupiga msumari. Ila mabati yaliyochanika yalikuwa yakining'inia juu ya njia wanayopita watoto wa chuo cha Kurani, kwa hiyo akamwomba jirani ayashushe yote kumi na manne na kuyapanga ukutani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa desturi njema. Majengo, mtu akiezua paa, mabati ya zamani hayauzi wala hayaweki. Huyatoa nje kabla ya sala ya Ijumaa inayofuata, akampa mwenye shida kuliko yeye. Idrisi alifanya hivyo alipoiezeka upya nyumba hii. Ijumaa ya tarehe 28 Kibibi naye alifanya hivyo, na mwenye shida hakuwa wa kutafutwa.

Alikuwa Mwendwa, mwanamke wa Kiembu ambaye kwa miaka tisa alimletea maziwa kila asubuhi. Mume wa Mwendwa yuko kizuizini tangu mwaka jana. Nyumba yao ya shambani ilichomwa watu walipohamishwa kwa nguvu, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na kutiwa katika kijiji cha Dharura chenye ulinzi wa serikali, mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Mwendwa alipewa nafasi ya kujenga kibanda, lakini nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha kufyekwa na waliomtangulia. Alilala na watoto wanne chini ya majani ya migomba.

Asubuhi ile alipokuja na kibuyu, akiwa na ruhusa ya kutoka kijijini kwa saa mbili tu, aliondoka na mabati. Wanawake wenzake watatu walimsaidia kuyabeba kichwani.

Saa nne na robo mkaguzi anabisha hodi. Ni kijana wa Meru aitwaye Muthamia, aliyesoma misheni, mwenye koti la mvua na mkoba wa ngozi. Anapanda ngazi, anapima boriti, anahesabu matundu ya misumari. Anashuka akiwa ameridhika. Kisha anauliza mabati yenyewe yako wapi.

Kibibi anamweleza. Muthamia anafuta kalamu yake kwa leso.

Anamfahamisha kwamba ofisi haitalipa bila mkaguzi kuyashika mabati. Siku hizi mapaa mengi hutobolewa kwa risasi, na bima haigusi uharibifu wa vita. Lazima aone tundu lilivyopinda, ajue ni jiwe.

Wanakwenda kijijini kwa miguu. Penye lango, ng'ambo ya handaki lililosimikwa miti iliyochongwa, mkubwa wa homugadi, askari wenyeji wanaolinda kijiji kwa niaba ya serikali, aitwaye Kithaka, anatazama kipande cha Muthamia, yaani kibali chake cha kusafiri, na kumrudishia. Kinamruhusu kufika Embu mjini, si kijijini. Kibibi hana ruhusa yoyote. Kutoka pale wote wanakiona kibanda cha Mwendwa, safu ya kwanza. Ndicho pekee chenye mabati. Matundu yamezibwa kwa udongo.

"Mama, yale ni yako?" Kithaka anauliza. "Sema tu. Vijana wangu watayashusha sasa hivi, uondoke nayo."

Mwendwa ameitwa, na sasa amesimama nyuma ya mti wa lango, mtoto mgongoni. Mvua imezidi. Hamtazami Kithaka. Anamtazama Kibibi.

"Mama Hassan," anasema, "kama ni ya kurudi, nipe mpaka jioni niwatoe watoto."

Muthamia anamnong'oneza Kibibi kwamba ni kazi ya saa moja tu: yashushwe, ayashike, yarudishwe. Kithaka anacheka. Anasema kitu kikishatoka langoni hakirudi bila karatasi ya D.O., yule ofisa wa serikali wa tarafa, na D.O. yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi.

Kibibi anajifunika vizuri mtandio wake.

"Si yangu," anasema. "Niliyatoa."

"Mama, fikiri," anasema Muthamia. "Fomu yangu haina mahali pa kuandika hilo."

"Basi acha wazi, mwanangu. Utaandika nini, na mimi nimeshasema?"

Muthamia aliandika kwamba mabati yameonekana kwa umbali wa hatua themanini na hayakukaguliwa. Alimwambia Kibibi asingojee jibu zuri, kisha akapanda basi la saa nane kurudi Meru. Kithaka aliandika katika daftari lake kwamba hakuna mali iliyotoka kijijini siku hiyo. Mwendwa alirudi kibandani akakanda udongo mwingine, kwa kuwa mvua ilikuwa imeosha ule wa kwanza. Maziwa hayakuja asubuhi ya pili wala ya tatu. Kithaka alikuwa ameiondoa ruhusa yake ya kutoka kijijini.

Kibibi alisogeza cherehani hatua mbili, mbali na mahali turubai linapovuja, akaimalizia kanzu ya harusi kwa mwanga wa taa ya chemli. Bati moja jipya ni shilingi kumi. Anakusudia kununua mawili kila mwezi, na kuanza na upande anaolala mama yake. Kwa hesabu hiyo, masika yatakapofika atakuwa na kumi.