Breki za Sylvesta

Gereji ya Nurudini na banda langu la chai vimetenganishwa na mfereji tu, hapa Kasulu. Vumbi la kiangazi halichagui: likimaliza kwake linahamia kwenye vikombe vyangu. Nimeuza chai hapa mpaka magoti yamenigomea, na kuna asubuhi nikiona gari linaingia kwake naomba dereva asiwe mtu wa kunisalimia, maana hata kuitikia ni kazi.

Sylvesta lakini nilimwitikia siku zote. Mzee huyu aliingia nchi hii mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi, akakulia kwenye mashamba ya watu, akajifunza udereva kwa kupakua magunia na kumchungulia dereva miguuni. Landrova yake aliinunua mnadani, ikiwa imeshachoka, kabla vijana wengi wa mji huu hawajazaliwa. Imebeba maharage, imebeba maharusi, imebeba majeneza, na Asia wangu nusura nimzalie ndani yake, mlimani, Sylvesta akiendesha kwa mkono mmoja na mwingine ameziba sikio asinisikie. Watoto wake wako Mwanza. Kila wakimpigia simu wanamwambia auze, naye anawajibu kwamba mtandao unasumbua.

Sasa Asia ni mwalimu huko Muyama, na gari la kumpeleka ni hilo hilo. Ndiyo maana habari ya breki ilinikaa rohoni. Tangu mavuno ya maharage Sylvesta alikuwa akirudi kwa Nurudini na neno moja: hazishiki. Nurudini anapiga jeki, anafungua dramu ya gurudumu, anakagua shuu zinazoibana kwa ndani, anarudishia, kisha anakaza nati iliyo nyuma yake mpaka tairi ligome, halafu anailegeza kidogo ili lizunguke likikwaruza kwa mbali. Anafanya hivyo tairi zote. Gari linaondoka, na siku chache baadaye huyo, karudi.

"Mwakeye, mama Asia," Sylvesta aliniamkia kwa Kirundi asubuhi moja.

"Salama, mzee. Bado hazishiki?"

"Bado. Nurudini kazeeka, haoni tena anachofanya."

Abiria wake, Asia akiwemo, walishusha mizigo wakakaa kwangu kusubiri.

Nurudini alisikia, akachukua spana. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kabla siku haijaanza. Akakaza tena dramu zote, halafu akasema labda kuna upepo kwenye mabomba, wautoe. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedeli, mwingine uvunguni anafungua kijinati kilichovikwa mpira, ili mafuta ya breki yatoke na upepo wake yaingie kwenye chupa.

"Kanyaga! Kanyaga tena! Shikilia hapo hapo!"

"Nimeshikilia!"

Chupa haikupata hata tone. "Shikilia basi, bwana Sylvesta!"

"Nimekwambia nimeshikilia!"

Nurudini akatoka chini ya gari akijipangusa. "Nenda kanywe chai, mzee mwenzangu. Mama Asia, hebu njoo unisaidie."

"Mimi? Na mikono imejaa unga?"

"Sitaki mikono. Nataka mguu."

Nikapanda nikinung'unika. Pedeli ya gari lile ni ngumu, nikaikanyaga kwa hasira zote za mtu aliyeachishwa maandazi yake jikoni. Mara nikasikia chini mtu anatema mate. Mpira ulikuwa umechomoka, mafuta yakamruka mdomoni.

Akatoka, akajifuta. Akautazama mguu wangu, kisha akatazama kule bandani. Sylvesta alikuwa amekaa, mguu wa kulia ameunyoosha, analikanda paja kwa ngumi, taratibu, huku anaongea na watu. Mguu wake ndio uliokuwa haushiki. Breki zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima tangu mavuno.

Niliogopa, kisha nikakasirika, nikimwona mwanangu anakoroga chai hana habari. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini kilio hiki kingekuwa cha kwangu.

"Mwambie," nikamnong'oneza Nurudini.

"Nimwambie nini? Ana nini kingine huyo duniani?" Akanyanyua sauti: "Tayari! Njoo ujaribu."

Nikasema moyoni, kumbe mwoga mkubwa. Halafu nikamwona anateremka kuelekea barabarani. Nurudini ana desturi yake: gari akishaligusa breki, husimama mwenyewe chini ya kile kiteremko cha gereji, na dereva hushuka nalo mpaka asimame mbele yake. Ndiyo dhamana anayompa mteja, hana nyingine. Akasimama pale, mikono nyuma.

"Nurudini, toka hapo!" nikapiga kelele. Hakugeuka.

Juu, Sylvesta alikuwa ameshawasha, gari linatetemeka na kutoa moshi. Nilimwona akiinama, akauinua mguu wa kulia kwa mkono, akauweka juu ya pedeli. Akatulia hivyo hivyo. Kisha akazima injini. Akashuka, akasukumia jiwe chini ya tairi, akateremka kwa miguu, polepole, mpaka mbele ya Nurudini.

"Toka hapo. Nisingeweza kusimama."

"Najua."

"Ulijua, ukakaa hapo?"

"Wewe ulijua, ukapakia watu."

Sylvesta aligeuka akawatazama abiria wake bandani. "Ego," yaani ndiyo, akaitikia kwa lugha ya mama yake, na akanyoosha mkono wenye funguo. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nikashindwa. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia.

Abiria bado walikuwepo, na Muyama haikuwa imesogea. Nurudini akashika usukani. Sylvesta akazunguka akapanda upande wa pili, akahangaika na mlango, maana hakuwahi kuufungua kwa kuingia yeye.

Jioni Asia akanipigia simu kwamba wamefika salama. Akaniambia habari za mzee. Kila mteremko alikuwa anaubonyeza ule mguu kwa mikono miwili, anakanyaga sakafu tupu, na Nurudini anajifanya haoni.