Kipimo Kilichodanganya Katikati

Ngumi ilimpata Bisibisi kwenye taya, na kabla hajaanguka alikuwa ameshamrudishia msimamizi kofi la mdomo. Ndivyo alivyokuwa huyo dada, fundi wa saketi pale kiwandani: mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi. Wanaosema mwanamke akipigwa anyamaze, basi hawakumjua.

Ugomvi ulikuwa wa kipimo cha boila, lile tangi la mvuke ambalo kaka yake alilichochea kwa kuni. Vali ya usalama ilikuwa imeganda kwa kutu, kwa hiyo roho ya kaka ilining'inia kwenye namba za kipimo. Zikifika kumi, atoe mvuke. Msimamizi alitaka saketi ya kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, na rezista ya kuubana tu. Bisibisi alitaka ya amplifaya.

"Sifuri imesoma sifuri, ishirini imesoma ishirini!" msimamizi alifoka, damu mdomoni. "Unataka nini tena, malkia wa nyaya?"

"Umepima kichwa na mkia, tumbo umeliacha! Pima kumi, kama mwanaume!"

Hakupima. Kipimo kile kilihesabu muda kapasita inaochukua kujaa umeme mpaka kulingana na nguvu ya mvuke. Bila amplifaya, kapasita hujaa mbio mwanzoni, kisha huchoka kama mtu anayepanda mlima ameshiba. Basi katikati hufikiwa mapema mno, namba ikatoka ndogo kuliko mvuke wenyewe. Amplifaya huilazimisha ijae kwa mwendo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Jambo dogo, ila lina kaburi ndani.

Walinzi walimburuta Bisibisi mpaka nje ya geti, wakamtupa kwenye kokoto. Kipimo cha msimamizi kikafungwa kwenye boila, moto ukawashwa. Bisibisi akazunguka nyuma, akapita dirisha la kuingizia kuni, magoti yakichubuka.

"Dada, toka, utanifukuzisha," kaka alimwambia. "Inasoma saba tu."

"Saba yako hiyo ni kumi, na inapanda! Fungua mvuke!"

"Bosi kasema mpaka isome kumi."

Akaona maneno hayatoshi. Akanyakua nyundo, akakipasua kipimo uso, vioo vikaruka. Msimamizi akaingia mbio, akamshika nywele, akambamiza kwenye mabomba mara moja, mara mbili. Ubavu ukalia ko! Hapo ribiti, msumari unaobana mabati, ikachomoka kwenye boila, ikapita kando ya sikio la kaka kama risasi, ikatoboa bati la ukuta.

Kaka hakuuliza tena. Alimtwanga msimamizi koleo la bega, akamlaza, kisha akakamata gurudumu la vali ya kutolea mvuke kwa mikono mitupu. Lilikuwa la moto. Akazungusha huku akipiga mayowe, ngozi ya viganja ikibaki kwenye chuma, mpaka mvuke ukafoka kwenda nje na boila ikanywea.

Mwenye kiwanda alikuja, akaamuru kipimo kingine cha aina ileile kipimwe kwenye kumi. Kikasoma saba mbele ya watu wote. Msimamizi aliondoka mkono ukining'inia, pole hakusema, na wala hakuna aliyeihitaji.

Bisibisi alichomelea saketi ya amplifaya ubavu ukiwa umefungwa kitambaa. Kaka alikaa pembeni, akiishikilia bodi kwa viwiko.

"Usitetemeke," Bisibisi akamfokea.

"Anayetetemeka ni wewe, dada."

"Nyamaza. Shika vizuri."