Hatua Nyuma ya Nyumba ya Mzee Zelman

Gakii alikuwa mtu wa kuandika ukweli, na ukweli, jamani, una gharama zake. Kwa miaka kumi na moja aliwahudumia wazee wa Dallas, kule Marekani, manyumbani mwao, na kila siku kabla ya kuondoka aliandika kwenye daftari la zamu: mzee amekula nini, amemeza dawa gani, ameanguka au hakuanguka. Wenzake walimcheka. Theodora, Mtanzania aliyempokea zamu mwisho wa wiki, alikuwa akimwambia, "Dada, andika 'ameshinda salama,' funga daftari, nenda zako Arlington ukapikie watoto." Gakii alitabasamu, kisha akaandika yote.

Mwaka huo mgonjwa wake alikuwa Mzee Zelman wa Richardson, Myahudi wa miaka tisini na mmoja, profesa mstaafu. Maisha yake yote alifundisha jambo moja: jinsi Wayahudi walivyomfikiria Mungu tangu zamani hadi leo. Gakii, Mmethodisti wa Meru asiyekosa ibada, alidhani Mungu huyo amekaa vilevile tangu enzi za Ibrahimu.

"Nani alikudanganya?" Mzee alimwuliza siku moja, kijiko cha uji mkononi. "Hapo mwanzo alikuwa na miguu. Alitembea bustanini na watu wakamsikia akija. Kila taifa lilikuwa na mungu wake, na huyu alikuwa wetu. Baadaye tukasema yuko peke yake, hao wengine si kitu. Tukamjengea nyumba. Ilipochomwa, tukasema amehamishwa utumwani pamoja nasi. Kisha wakaja wanafalsafa wetu wakamvua mwili: hana mkono, hana mguu, hana hasira. Wengine wakasema alijikunja ili dunia ipate nafasi. Halafu yakaja yale mauaji ya Ulaya, ndugu za babangu wakateketea wote. Kuna waliosema ameficha uso, kuna waliosema hakuwahi kuwepo."

"Na wako ni yupi, Mzee?"

"Yule asiye na miguu. Nimeandika vitabu vitatu kumtetea."

Kumbe maskini alikuwa akijikaza. Tangu majira ya kuchipua, kila jioni upepo ulipogeuka, Mzee aliweka kijiko chini akautazama mlango wa nyuma wa jikoni. Kuna mtu anatembea huko nje, alisema, polepole, mtu mzito. Gakii alichungulia dirishani. Ua, nyasi, majani makavu ya mti wa jirani, basi. Akaandika: "Mzee anasema amesikia mtu akitembea nyuma. Sijaona mtu."

Maneno hayo aliyasoma Adina, binti pekee wa Mzee, kila alipokuja kutoka Houston. Jumatano akapiga simu. "Akisikia tena, hata mara moja, namleta Houston kwenye makao ya waliopoteza kumbukumbu. Nakuja Ijumaa."

Mzee alikuwa amesikia kila neno. "Huko milango inafungwa kwa nje," alimwambia Gakii. "Sitamaliza mwezi." Hakumwomba adanganye, na hilo ndilo lililomchoma Gakii moyo. Aliomba jambo moja tu: "Ukizisikia hatua hizo nawe, uniambie. Nataka kujua kama akili imeniacha."

Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Gakii akisugua sufuria, akazisikia. Hatua. Mtu asiye na haraka, majani yakivunjika chini yake. Zikaja, zikaja, zikafika mlango wa nyuma na kusimama.

Sasa mtu mwenye akili timamu hapo angekaa kimya au angepiga simu polisi. Lakini mtoto wa kwetu, mtu akisimama mlangoni mwake, mdomo haumngoji. "Karibu," Gakii akasema. Hata hodi haikuwa imepigwa. Malezi ni malezi.

Mlango haukufunguka. Lakini jikoni pakajaa. Gakii alijikuta amesogea hadi ukutani kumpisha mtu ambaye hakumwona, maji ya sabuni yakimdondoka viganjani. Aliogopa kweli, wala tusimpambe. Saa ya ukutani ilikuwa imenyamaza.

"Umesema nini?" Mzee aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Nimesikia, Mzee. Nimemkaribisha ndani."

Mzee akafunika uso. "Nami nimezisikia. Miaka elfu tatu," akasema, "tumekuwa tukimsindikiza kwa heshima, hatua kwa hatua, hadi nje."

Gakii akakaa mbele ya daftari. Akiandika kwamba Mzee amesikia, Mzee atapelekwa Houston. Asipoandika, amedanganya. Na akiandika yote, nani atamwajiri mhudumu anayesikia mambo? Theodora, alipopigiwa simu, hakuzunguka: "Una watoto wewe. Ameshinda salama, nukta." Gakii akaandika: "Mzee amesikia hatua. Nami nimezisikia. Nikasema karibu."

Ijumaa mchana Adina alisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Hii ni nini?"

"Ndiyo yaliyotokea, dada."

"Nitawapigia ofisini kwenu. Unajua hilo?"

"Najua. Lakini nilisikia. Siwezi kusema sikusikia."

Adina aliketi. Akamgeukia baba yake. "Husimama kwenye mlango wa nyuma, upande wa bawaba. Kisha saa inanyamaza. Sivyo?"

Hayo hayakuwa daftarini. Gakii hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mzee akainua kichwa.

"Nilikuwa na miaka saba, katika nyumba hii hii," Adina akasema. "Nilikwambia kila jioni, Baba. Ukanijibu Mungu hana miguu. Ukanipeleka kwa daktari, nikameza vidonge mpaka nikaacha kusikia. Miaka hamsini nimejiona nina kasoro kichwani."

Mzee Zelman, aliyeishi kwa maneno, akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "nilikosea."

Adina hakuupokea mkono ule mara moja. Aliuacha hewani. Kisha akavuta kiti, akakaa kando ya baba yake, wakautazama mlango pamoja. Habari za Houston, wala za kupiga simu ofisini, hazikutajwa tena.