Siku Zake Zilipokatika

Mtaani walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya pamba. Alikaa chini ukumbini, godoro mbele yake, uzi mdomoni. Ukimsemesha hakujibu mpaka fundo likazwe. Wakimcheka alisema, "Nimenyamaza, mimi si bubu."

Mimba yake ya kwanza ilitoka changa. Hospitali wakamsafisha kizazi, akarudi kwenye magodoro. Ya pili aliibeba hadi mwisho. Mtoto akazaliwa hana pumzi. Kipande cha kondo la nyuma kikabaki ndani, na baada ya wiki chache homa ikampanda. Akarudishwa, akasafishwa tena. Watu wakasema amepona, naye akaitikia.

Lakini siku zake hazikurudi.

Mama mkwe aliishi naye na mumewe, na jicho lake halikulala. Siku moja akavuta kigoda karibu.

"Mwanangu, naona miezi inapita, kamba ya nguo haina vitambaa vyako."

"Ndiyo, mama."

"Basi usinyanyue godoro. Wenye magodoro wajinyanyulie."

"Sijui kama ni hilo, mama."

"Wewe utajuaje? Mimi nimezaa saba."

Mama mkwe akaeneza habari ya mimba, mtaa ukaisikia kabla ya mume. Muuza mkaa akamtania, "Sindano safari hii imepata uzi." Wanawake wakacheka. Sindano naye akacheka, kidogo.

Alitaka iwe kweli. Hilo ndilo lililomtesa. Kila mwezi tumbo lilimkata vilevile kama zamani, damu isije. Mimba gani inauma kwa zamu? Usiku mmoja akamwambia mumewe, fundi rangi.

"Twende hospitali," mume akasema.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Akapima. Mimba hakuna. Kisha akauliza: amewahi kusafishwa? Zaidi ya mara moja? Baada ya kujifungua? Alikuwa na homa? Amewahi kupasuliwa kizazi, au kuugua kifua kikuu? Sindano akajibu moja moja.

"Kuta za kizazi zikikwanguliwa huweza kufanya kovu, zikashikana," daktari akasema. "Wengi husafishwa wasipate. Ila ukisafishwa zaidi ya mara moja, tena muda mfupi baada ya kuzaa, na maambukizi yameingia, hatari inapanda. Kwako yote yamekutana."

"Kwa hiyo wangeniacha bila kunisafisha?"

"Kipande kile kingekuua, dada."

Sindano akatazama sakafu. Alikuwa ametafuta wa kumlaumu, akakosa.

"Panafunguka?"

"Tunaingiza kamera nyembamba, tunakata kovu. Huenda likashikana tena. Mtoto siwezi kukuahidi."

Nyumbani walimkuta mama mkwe akichambua pamba laini, ya kigodoro kidogo.

"Mama, hakuna mtoto. Ni kovu."

"Kovu? Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Liko ndani, kwenye kizazi. La kusafishwa."

Mama mkwe akakaa na pamba mkononi. Baadaye akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Alipita nyumba hadi nyumba, mpaka kwa muuza mkaa. Kila mlango alisema hivyohivyo: "Yale maneno yalikuwa yangu, si ya mkwe wangu. Asiulizwe."

Hospitali wakamkata kovu. Mwezi uliofuata damu ilikuja, haba. Sindano alikwenda mpaka mume alikokuwa akipaka rangi, akasimama chini ya ngazi.

"Imekuja."

Mume akashuka, akaketi juu ya ndoo. Hakuna mwanamke aliyefurahia damu vile.

Haikudumu. Ikapungua, ikakatika. Daktari akasema wanaweza kurudia. Sindano akafikiri siku kadhaa, akishona.

"Nimekwanguliwa vya kutosha," akamwambia mumewe. "Utaniacha?"

"Niende wapi?"

Mtoto hakuja. Walizeeka wawili, mama mkwe akatangulia, kisha Sindano. Mume bado analala upande wake wa godoro. Ule mwingine hauguswi.