Nilikaza Bushi Gari Likiwa Hewani

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kwenye gereji moja ya Shinyanga mjini, niliwekwa kwenye buti la gari kama gunia la mpunga. Shule niliiacha darasa la tano, nikijua kuchunga ng'ombe na kutukana, basi. Gari lilikuwa limesimama juu ya shimo, na ndani ya shimo alikuwa mkubwa wangu wa kwanza, tuliyemwita Fundi Mkuu, mtu mfupi asiyesema neno mara mbili.

"Panda kwenye buti."

"Nifanye nini humo, mzee?"

"Kaa. Wewe leo ni gunia."

Gereji nzima ikacheka. Nikakaa, jasho linanitiririka, namsikia huko chini anakaza nati moja moja. Kila gari lililobadilishwa bushi za nyuma, nilipandishwa. Jina likawa Gunia. Mwezi wa tatu nikaweka spana chini, nikaondoka bila kuaga. Kisa hicho nimekisimulia miaka yote, watu wajue nilivyonyanyaswa kabla sijawa mtu.

Vijana mnaosoma haya, bushi ni kipande cha mpira kilichofungwa ndani ya bomba la chuma, mahali mkono wa tairi la nyuma unaposhikana na bodi. Gari likipiga shimo, mkono unapanda na kushuka, na mpira unajipinda kidogo halafu unarudi. Ukichakaa, nyuma ya gari inayumba na tairi zinaliwa upande wa ndani.

Kutoka Shinyanga nilikwenda Kagongwa, karakana ya malori, chini ya Msimamizi wa Zamu, jitu la sauti kubwa. Malori yale ya zamani yalikuwa na bushi za shaba. Shaba inazunguka kwenye pini yake, haijipindi, inataka grisi tu.

"Kaza mpaka ilie!" Msimamizi alikuwa akipiga kelele.

Nikakaza. Lori likiwa juu ya jeki, likiwa chini, halikujali. Na mimi nikaacha kujali.

Halafu nikaja Geita, nikafungua gereji yangu mwenyewe Kalangalala. Sikuchimba shimo maana chini ni mwamba. Nilinyanyua gari kwa jeki, nikaliegemeza kwenye magogo, tairi zikining'inia. Na niseme ukweli bila aibu: kwa kazi ya bei nafuu, hapakuwa na fundi wa kunifikia. Wengine walikuambia ununue mkono mzima kutoka Dar es Salaam. Mimi nilibadilisha mpira peke yake. Nachoma wa zamani, nasafisha tundu, halafu mpya nauvuta ndani kwa bolti ndefu, kipande cha bomba na washa mbili nene, zile pete bapa za chuma. Wenye vyeti vyao walikuja kusimama nyuma yangu, mikono mfukoni, wanajifunza kimya kimya.

Tatizo lilikuwa moja. Bushi zangu hazikukaa. Miezi mitatu, minne, zimechanika. Nilisema ni feki, na nani angebisha? Siku hizi kila kitu kinaitwa feki.

Ndipo akaja Mama Doto, muuza dagaa wa Nkome. Alikuwa na gari la michezo la zamani, la milango miwili, limelala chini kama kenge. Wavuvi walimcheka alipolinunua, wakamuuliza dagaa atawapakia wapi. Nilimtengenezea mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili, akarudi na tairi zimeliwa hadi nyuzi.

"Fundi, nimechekwa nilipolinunua," aliniambia. "Nikirudi mara nyingine, nalipeleka kwa wa chuma chakavu, likapimwe kama masufuria. Halafu wataanza kunicheka upya."

"Mama Doto, hii ya tatu ikifa, nang'oa kibao changu pale mlangoni. Watu wote hawa mashahidi."

Nilisema hivyo mbele ya wateja wanane. Mdomo wangu!

Nikanunua bushi za gharama, zenye boksi. Nikazivuta, nikakaza mpaka zikalia, nikashusha tairi zote nne juu ya vipande vya mbao nene ili nipate nafasi ya kuchungulia. Nyuma ya gari ikabaki imebinuka.

"Mbona limeinua matako?" Mama Doto akauliza.

"Litakaa lenyewe ukitembea." Hilo lilikuwa jibu langu la miaka yote.

"Mimi sina muda wa kusubiri likae."

Akafungua buti, akageuka, akajitupa humo na uzito wake wote, miguu inaning'inia nje, anacheka. Chini nikasikia mpira unaguna. Nikajilaza kwa mgongo, nikamulika tochi.

Wallahi! Bushi mpya, gari halijasogea hata hatua moja, na mpira ulikuwa umesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Nati huushika mpira ulivyo wakati wa kukaza, na mimi nilikuwa nimekaza tairi zikining'inia, kwa hiyo hapo lilipokaa gari sawasawa ndipo bushi ilipoteseka. Kila siku, kila kilomita, ikijisokota mpaka ichanike.

Nikageuza shingo nikaiona miguu ya Mama Doto ikining'inia kwenye buti. Miguu yangu mwenyewe ilining'inia hivyohivyo, Shinyanga.

"Usishuke!" nilipiga ukelele.

"Kuna nini, nyoka?"

"Usishuke, mama yangu, nakuomba!"

Nikalegeza nati. Mkono ukageuka wenyewe, kwaa, nyuma ikashuka, mpira ukanyooka. Nikakaza tena akiwa humo humo. Nilipotoka chini nilikuwa narudia neno moja tu, gunia, gunia. Akaniuliza kama ni malaria.

Gari lile limepita masika mawili, bushi ni zilezile. Lakini wiki ileile nilipanda basi kwenda Shinyanga. Fundi Mkuu nilimkuta kwake, amekonda, macho bado makali.

"Shikamoo, Fundi Mkuu. Mimi Gunia."

"Marahaba. Yule aliyekimbia."

Nikamweleza yote. "Kwa nini hukuniambia sababu ya kunipandisha?"

"Wiki uliyotoroka, nilikuwa nimepanga kukushusha shimoni uone mwenyewe. Magari mangapi umeyakaza hewani, ng'wanawane?"

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Nikaanza kuyahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

Sasa mgongo umenistaafisha mapema, siingii tena chini ya gari. Gereji wanaiendesha mafundi wawili niliowafundisha, na niliwafundisha upya. Kibao hakijang'oka. Wateja wa zamani ninaowakumbuka nimewapigia simu, na wanaoitikia tunawakazia upya bushi zao bila malipo. Gari linapandishwa juu ya mbao, fundi analala chini na spana, ananiita: "Mzee, tayari!"

Nami napanda kwenye buti, nakaa, natulia. Nina kilo tisini na sita, zote za kujitafutia mwenyewe. Gunia kama mimi, Geita nzima hamna.