Mrija Wangu Ulikuwa Mkavu

Siku niliyopewa cheti kwamba mimi ni mzima wa afya, ndiyo siku baba mkwe wangu alikufa. Kesho yake ukoo mzima ukaamua nimemuua mimi.

Usicheke. Soma kwanza.

Naitwa Bukuru, wa Bugarama, huku Ngara. Kazi yangu lori. Nilikuwa napeleka maharage na ndizi Kahama, narudi na saruji. Bosi wangu ni Mzee Abdulkadiri, mfanyabiashara wa mjini, na madereva wake tulikuwa wawili tu: mimi na Habonimana, kaka wa mke wangu Restuta.

Mwaka jana bosi akauza lori moja. Akatuita.

"Wanangu, limebaki moja. Na dereva wa gari la biashara lazima apimwe afya. Nendeni Biharamulo mkapimwe. Atakayefaulu ndiye atakayeshika usukani."

Habonimana akanipiga bega. "Shemeji, mmoja wetu anarudi kwenye jembe."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na presha.

Tena si presha ya mchezo. Niliigundua kwenye duka la dawa kule Kahama, nikapewa vidonge, nikawa navificha chini ya kiti cha lori, ndani ya soksi. Sikumwambia mtu. Hata Restuta sikumwambia, kwa sababu jambo analolijua Restuta asubuhi, kaka yake analijua mchana.

Basi nikaanza kujiandaa kimyakimya. Chumvi nikaacha. Nyama nikaipa kisogo. Alfajiri natembea kilima chote, watu wakiniuliza naenda wapi nasema natafuta mtandao. Pombe ndiyo kabisa, hata harufu yake niliikimbia.

Ikabaki siku moja. Baba mkwe, Mzee Ntirampeba, akatuita sote wawili kwake Murusagamba. Ametengeneza rubisi ya kutuombea heri.

Jamani! Pombe ya kutuombea heri kwenye vipimo!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mukwe wangu. Njoo ukae hapa karibu na mtungi."

Kwetu mtungi ni mmoja, mirija ni mingi. Mwenye nyumba anaonja kwanza, kila mtu amuone, halafu wote mnainama. Ukikataa, hujakataa pombe. Umemwambia mwenye nyumba machoni kwamba ameweka sumu.

Nikisema nina presha, Habonimana yuko ubavuni kwangu, lori limekwenda. Nikinywa, presha inapanda, lori limekwenda vilevile.

Nikafanya ujanja. Nikatia mrija mdomoni, nikauziba kwa ulimi, nikawa nameza mate yangu. Macho nikafumba kabisa, kama vile utamu umenizidi.

Mzee akafurahi sana. "Mnamuona mukwe wangu anavyovuta?" Yeye mwenyewe alivuta kweli, hadi jasho likamtoka.

Nilipoinuka kuaga, Habonimana akauchukua mrija wangu, akaupulizia kiganjani. Halikutoka hata tone.

Akanitazama. Akatabasamu. Akaurudisha mtungini.

Asubuhi tukawa Biharamulo. Habonimana macho mekundu, presha juu. Wakamwambia aende akapumzike, arudi baada ya wiki mbili.

Mimi? Macho safi. Mkojo safi. Presha imetulia tuli. Daktari akagonga muhuri, akasema, "Hongera, dereva." Aisee, nilitoka pale najiona kama bwana harusi.

Simu ikaita. Ni Restuta, analia.

"Baba ameanguka uani. Wamemkimbiza hospitali, hakufika."

Daktari wa huko alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Ugonjwa uleule niliokuwa nahangaika nao muda wote ule kwa siri, ulikuwa umemkalia mzee wa watu, na hakuwahi kupimwa hata siku moja. Niliumia. Yule mzee alinipenda kweli.

Kesho yake tukazika. Baada ya mazishi watu wakakaa, mtungi ukaletwa. Habonimana akasimama.

"Kabla hatujanywa, Bukuru atuambie kitu kimoja. Kwa nini juzi, kwenye mtungi wa baba, mrija wake ulikuwa mkavu?"

Hata waliokuwa wanalia wakanigeukia.

"Nilikuwa najiandaa na vipimo," nikasema. "Nina presha. Na nyie wote mlikunywa, mbona ni wazima?"

Shangazi yao mmoja, Deodata, akanijibu bila kunitazama. "Sumu ya siku hizi inatajiwa jina la mtu, inamuua huyo tu."

Nikatoa mfukoni ile soksi niliyoitoa kwenye lori, nikawaonyesha vidonge. Restuta akavishika, akavigeuza. "Mbona mimi sijawahi kuviona? Umevinunua jana?"

Nikamgeukia kaka yake. Miaka yote malori yetu yaliongozana, usiku tukilala kwenye lori langu zamu kwa zamu. "Habonimana, sema ukweli wa Mungu. Hukuwahi kuviona hivi?"

Akavichukua. Akavitazama kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya.

"Sijawahi."

Nilitoka pale kwa mawe, ndugu zangu. Restuta hakunifuata. Hajarudi mpaka leo.

Nikakimbilia kwa bosi na cheti changu. Akakisoma, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Mwanangu, cheti hiki hakina doa. Mimi mambo ya sumu siyaamini. Lakini wapakiaji wamegoma, wateja wa Murusagamba wamegoma. Nikupe lori ubebe nini?"

Baada ya wiki mbili Habonimana akapimwa tena. Akafaulu.

Jioni ileile akaja kwangu kuchukua funguo za lori, zilikuwa bado kwangu. Tulikuwa wawili tu mlangoni. Akazitia mfukoni, akaondoka hatua chache, kisha akageuka.

"Shemeji, ile soksi yenye mistari ya kijani. Niliiona zamani sana, hata kabla bosi hajauza lori."

Nikamfuata. "Sasa kwa nini hukusema? Neno moja tu lingeniokoa! Baba yako unajua hakuuawa na mtu!"

"Najua," akasema. "Lakini ningesema, lori ungebaki nalo wewe."

Akaenda zake anapiga mluzi.

Siku hizi akipita hapa barabarani anapiga honi. Mimi niko shambani na jembe langu, mzima wa afya, muhuri ninao ndani.

Dereva mwenzangu unayejiandaa kwenda kupimwa, acha chumvi, acha pombe, tembea. Lakini kama una ugonjwa, utangaze mwenyewe, mapema, mbele ya watu. Ukiuficha, yule atakayeugundua ndiye atakayechagua siku ya kuusema, na siku ya kunyamaza.